Wanazima Ufalme Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Wamethubutu! Nimefungua mchezo saa ya chakula cha mchana, uso bado una mvuke wa pasi, nikakuta tangazo limetandazwa kwenye kioo chote cha simu. Mchezo wa Falme za Ukungu utazimwa mwisho wa mwezi huu. Utazimwa! Kama taa ya chooni. Kampuni inatushukuru wachezaji kwa miaka yote ya mapenzi. Mapenzi gani hayo? Mtu anakushukuru huku anakutupia virago nje?

Niandike wazi hapa, maana mahali pengine sitasema. Hapa kwenye duka la dobi la dada yangu mimi ni mpiga pasi. Wateja hawanisalimii, wananiuliza suruali yao iko wapi. Dada mwenyewe huniita "wewe". Lakini kwenye Falme za Ukungu mimi ni Jemadari Radi. Nikiingia ukumbini watu husimama. Watu wazima, kutoka kila pembe, wana ngao na farasi, na wanasimama! Wakishazima, nani atasimama nikiingia mahali? Nani?

Dada kasema niangalie shati. Nimeangalia. Limeungua kola.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiandikia kampuni barua kali. Nimejitia wakili. Nimeweka "kwa mujibu wa" hata pasipohitajika. Nimewataka waeleze upesi kwa nini wanaua mchezo ambao watu waliununua kwa fedha yao halali.

Jibu limekuja haraka mno, jambo ambalo peke yake ni dharau. Limetoka kwa binti wa huduma kwa wateja. Ananiita "mpendwa mchezaji", mimi niliyejiandika wakili! Anasema wachezaji wamebaki wachache. Anasema seva ni kompyuta kubwa, ziko kwenye chumba chao, zinakula umeme na zinataka kupoozwa mchana kutwa hata kama mle mchezoni kuna mtu mmoja tu anavua samaki. Anasema mafundi walioutengeneza waliacha kazi zamani, na waliopo wanaogopa kuugusa, maana wakirekebisha mlango paa linaanguka. Tena hata ule wimbo wa vita walikuwa wameukodi, na mkataba umekwisha.

Visingizio vitupu! Pasi yangu imetengenezwa na watu ambao siku hizi ni marehemu, na naishika kila siku. Wimbo waunyamazishe, nani aliwaomba wimbo?

Mwishoni ananikaribisha kwenye mchezo wao mpya, wenye picha nzuri zaidi. Kumbe! Hapo ndipo penyewe. Wanatubomolea nyumba ili tukapange kwenye ghorofa lao. Mimi si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha vita leo, huko mchezoni. Waliohudhuria wachache, na miongoni mwao Kiboko Mpole. Kwa atakayesoma shajara hii nikishatangulia: Kiboko Mpole ndiye aliyeninyang'anya Daraja la Kaskazini. Aliliteka siku ambayo sikuwepo. Nilikuwa nimetumwa sabuni! Tangu hapo kila jioni nikitoka kazini naenda kulipigania, kila jioni ananitupa mtoni, kisha ananiuliza kazini kulikuwaje. Nachukia sana anavyouliza. Zaidi ya hapo nachukia kwamba huwa namweleza.

Leo alisimama akasema tukubali yaishe, tuagane kwa heshima. Akasema wengine wameshajiandikisha kwenye ule mchezo mpya. Na watu wakamsikiliza! Nikamwita msaliti. Nikasema ugonjwa wetu ni wachezaji wachache, basi dawa yake ni wachezaji wengi, kuna ugumu gani hapo? Akauliza kwa upole wake huo hao wachezaji watatoka wapi. Nikamjibu kwamba Jemadari hatoboi siri za jeshi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Najua!

Mchezo huu ukiuchezea kwenye simu, unatembea kwa kuinamisha simu. Ndivyo walivyoutengeneza enzi zile, walidhani ni maajabu. Simu ikitikisika, mtu wako anakwenda. Ikitulia, mchezo unadhani umelala na kukutoa nje. Leo nilisahau simu yangu juu ya mashine ya kufulia ikiwa inakamua nguo. Niliporudi, Jemadari Radi alikuwa ameshatoka ngomeni hadi sokoni bila kuguswa na mkono wa mtu!

Sisi tuna mashine ukuta mzima. Zinatetemeka asubuhi hadi tunafunga. Kumbe jeshi ninalo siku zote, nakosa simu tu.

Nimevuka barabara kwa fundi simu. Ana boksi la simu alizozitengeneza na wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nimemwambia nafanya utafiti. Akauliza utafiti wa nini. Nikasema wa mtikisiko. Akanitazama sana. Mwisho amenipa boksi kwa sharti kwamba nimpigie pasi suti ya arusi, na kwamba isiungue. Hayo maneno ya mwisho hayakuwa na lazima.

Jumamosi, 8 Machi

Dada ameshinda kwa mama. Duka langu peke yangu!

Asubuhi nzima nimefungua akaunti. Kila mchezaji lazima awe na jina, na mimi majina yaliniishia mapema, ikabidi nisome vikaratasi vilivyobanwa kwenye nguo za wateja. Hivyo jeshini mwangu yumo Koti la Hakimu, yumo Shuka Mbili, yumo Suruali ya Kijivu, yumo Gauni Lenye Doa, na shujaa wao Pazia la Ukumbi. Majina mazito kabisa kwa asiyejua yametoka wapi.

Nikafunga simu juu ya mashine kwa utepe. Nikajaza nguo. Nikabonyeza kukamua. Lo! Jeshi zima likaamka kwa pamoja! Idadi ya waliomo mchezoni ikapanda mbele ya macho yangu, ukumbi ukafurika kama zile siku za mwanzo, hadi hakuna pa kukanyaga. Nilitokwa na machozi. Niliyafuta kwa taulo la mteja.

Kasoro ni moja. Sakafu ya duka imeinama, kwa hiyo mashine zimeegemea upande mmoja, kwa hiyo simu nazo, kwa hiyo jeshi lote likaelekea kaskazini. Kaskazini ndiko kwenye daraja. Kiboko Mpole akaona umati usiosema neno unamjia huku unatetemeka, akapiga kengele ya hatari. Alijisumbua bure. Walilikosa daraja kwa hatua chache wakatumbukia mtoni. Shuka Mbili akazama. Koti la Hakimu akazama. Kwa kuwa mchezo haumwachi mtu afe, wakafufuka ngomeni, wakaja tena, wakazama tena. Pazia la Ukumbi amezama mchana kutwa.

Haidhuru. Anayezama naye ni mchezaji. Wamhesabu!

Jumatatu, 10 Machi

Nimekiona cha mtema kuni.

Kwanza, dada amekuja mapema. Akauliza kwa nini kila mashine inakamua na ndani hamna hata soksi. Nikasema nazipasha moto. Akauliza simu hizi za nani. Kabla sijapata jibu, akaingia fundi simu mbio, na nyuma yake mama mmoja aliyekasirika, kwani katika watu wote waliozitelekeza simu zao, yeye ameamua kukumbuka yake leo. Leo! Nikamwonyesha ilipo. Haikuwepo. Utepe ulikuwa umelegea, na Gauni Lenye Doa alikuwa ametumbukia kwenye ndoo ya sabuni. Safari hii kikweli.

Dada amemtuliza yule mama kwa kumfulia mapazia bure. Kisha akanigeukia mimi. Aliyoyasema siyaandiki, kwa kuwa ni dada yangu na kwa kuwa yeye ndiye mwenye duka. Simu zote zimerudi kwenye boksi.

Jambo lililoniudhi zaidi lilitokea baadaye. Alinifuata kwenye meza ya pasi, sauti ameishusha, akauliza kama kweli sina watu wengine wa kuzungumza nao. Akasema jioni niwe napita kwake, tule pamoja, shemeji atafurahi. Sitaki kuhurumiwa! Kwa shemeji hakuna anayesimama nikiingia, labda kunitoa kwenye kiti chake.

Nilimwambia nitafikiria.

Jumatano, 12 Machi

Wanyama hawa!

Barua ya kampuni imefika kwa wachezaji wote. Hawajafurahia umati wetu hata chembe. Wanasema seva ni kuukuu na imeelemewa na kundi linalozama bila kupumzika, kwamba kila anayezama lazima mashine imwandike, imtoe majini na imrudishe ngomeni, na kwamba nusura iungue. Mafundi wa kuitibu hawapo. Kwa hiyo hawangoji mwisho wa mwezi. Wanazima keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni.

Keshokutwa!

Mimi nimepata na barua yangu peke yangu kutoka kwa yule binti. Anasema lile kundi zima limetokea kwenye anwani moja ya mtandao, na kwamba anwani hiyo ni ya wakili anayemfahamu. Anaomba niache. Tena anauliza kama Pazia la Ukumbi ni mtu anayehitaji msaada.

Nimesoma na kurudia nikitafuta mahali ambapo kosa ni langu. Sijapaona. Seva gani hiyo inayoshindwa na mapazia? Wangenunua nzuri tangu mwanzo, si tungekuwa tunacheza?

Ukumbini moto unawaka, kila mtu anataka kujua ni nani aliyetupunguzia siku. Nimejitolea kuongoza uchunguzi. Nilikuwa karibu kabisa kumfikisha Kiboko Mpole kwenye hukumu, aliponivuta pembeni akaniandikia kwamba anajua. Kasema katika watu wote anaowafahamu ni mmoja tu anayeweza kumpa askari jina la Suruali ya Kijivu. Kasema hatamwambia mtu.

Hakumwambia mtu. Sijui anatafuta nini huyu.

Ijumaa, 14 Machi

Yamekwisha.

Saa tisa na nusu dada akaniambia niache pasi, nikakae nyuma ya pazia la stoo na simu yangu. Hata hakuniita "wewe". Wateja wakiuliza, atasema naumwa.

Tulikubaliana kukutana darajani. Nilipofika walikuwa wameshajaa. Wakasimama. Waliokuwa juu ya farasi wakashuka, kisha wakasimama. Nikaanza kuandika hotuba.

Kiboko Mpole akaniwahi. Akasema huko nje yeye ni mlinzi wa ghala, kwamba anaweza kumaliza juma zima bila mtu kumwambia zaidi ya "fungua". Akasema jioni alikuwa anakimbilia nyumbani kwa kuwa alijua yupo mtu mmoja ambaye hawezi kukosa kuja darajani. Kwamba daraja lenyewe halina maana, ni mbao tu, ila alilishikilia ili mtu huyo aendelee kuja. Mtu huyo ni mimi. Kisha akaweka upanga chini mbele ya watu wote, akanyoosha mikono anikumbatie.

Hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama lile, wala mama. Machozi yalinibubujika mle stoo, juu ya mifuko ya sabuni. Nikamsogelea.

Nikamsukuma mtoni.

Upanga alikuwa ameuweka chini! Mtu mzima, mpiganaji, anaweka upanga chini darajani! Nikapandisha bendera yangu. Daraja la Kaskazini, mali ya Jemadari Radi! Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliandika "aibu". Kutoka majini Kiboko Mpole akaandika kwamba alikuwa anajiuliza ningengoja hadi saa ngapi, na kwamba anacheka hadi mbavu zinamuuma.

Nilikuwa naandika jibu. Kioo kikawa cheusi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeiomba kampuni cheti kinachothibitisha kwamba daraja lilikuwa langu wakati wa kuzima. Binti kajibu kwamba kumbukumbu zote zimefutwa. Zimefutwa! Ushindi wangu pekee, na wameupangusa kama vumbi! Hawa watu hawana utu hata wa kuazima.

Jioni ilikuwa ndefu. Nilikunja shuka, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nilijikuta nataka kumweleza mtu kazini kulikuwaje, na mtu hayupo.

Ndipo ujumbe ukaingia. Kiboko Mpole! Alipata namba yangu kwenye kundi la wachezaji. Yuko kwenye ule mchezo mpya, ameshajenga mji, na wenzetu wengi wamo. Anasema mji bila mimi haujachangamka. Amenitengea nyumba karibu na yake, na cheo cha mkuu wa walinzi. Nilifuta macho kwa shuka niliyokuwa nimeikunja.

Nimekubali. Kampuni ni ile ile, na ninailaani kama jana. Nimelipia mwaka mzima. Binti wa huduma kwa wateja amenihakikishia kwamba huu hautazimwa, na kwenye jambo hili namwamini, kwa sababu safari hii ameniita Jemadari.

Nilipoingia mjini, watu walisimama. Kiboko Mpole alinitembeza mwenyewe, akanionyesha kuta, ghala na visima. Lango la mji ni moja tu. Akanikabidhi ufunguo, akasema hana mwingine anayemwamini kama mimi, kisha akaenda zake kulala.

Nampa hadi Jumatatu.