Sarafu za Jirani

Jumapili, 13 Septemba 2009

Wanyoike ameweka geti jipya. Jeusi, lenye vichwa viwili vya simba. Simba! Mtu ambaye hana hata mbwa. Tulipotoka kanisani alisimama kando yake makusudi ili nimsalimie. Nikamsalimia. Nikasema geti ni zuri. Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka sasa.

Miaka mitatu iliyopita jirani huyu aliuza vitunguu kando ya barabara hapa Kitengela. Leo ana pikapu na tangi la maji la lita elfu kumi, na mke wake, Wanjira, huvaa viatu vya kanisani akienda kulisha kuku. Mimi nina duka la misumari. Ni mzee wa kanisa. Ndimi ninayeendesha mnada wa mavuno kila mwaka, na hakuna anayeweza kuuza jogoo mmoja mara saba kama mimi, kila anayemnunua akimrudisha auzwe tena. Geti langu limefungwa kwa waya.

Syokau, mke wangu, aliniambia nile, chakula kinapoa. Sikuweza. Nilikuwa dirishani nikihesabu meno ya simba.

Jumanne, 15 Septemba

Nimegundua siri!

Niliingia saiba kutoa kopi. Wanyoike alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, mbele yake picha za sarafu. Za zamani, zenye tundu katikati, zenye vichwa vya wafalme. Aliponiona akafunga, akaniuliza habari ya biashara. Habari ya biashara! Alipotoka nikamkabili Cate, mwenye saiba. Cate hana kifua cha kuweka siri. Alisema kuna mnada kwenye mtandao ambapo watu huuziana vitu vya kale, hapa hapa Kenya, na kwamba pesa za Wanyoike zinatoka huko.

Basi ananunua sarafu kwa bei ya chini na kungoja zipande. Hilo ni wazi, wala sikuhitaji kuuliza zaidi.

Tena ushahidi ninao. Kila Ijumaa pikapu yake huenda Ewuaso Kedong imejaa sufuria mpya na blanketi. Hurudi bila sufuria, bila blanketi, na magunia madogo yanayolia chakacha. Bila shaka huko ndiko anakoficha mali yake, na sufuria ni za kuwanyamazisha akina mama wa Kimaasai wanaomlindia. Mjanja sana. Nimeshindwa kulala kwa uchungu.

Alhamisi, 17 Septemba

Zamu ya Syokau katika kikundi cha akina mama imefika. Wamempa pesa za kununua tangi. Redio inasema mvua ya El Nino inakuja mwezi ujao, na yeye amechoka na maji ya mkokoteni wa punda, yale ya chumvi yanayofanya chai iwe na ladha ya sabuni. Ng'ombe wanakufa kwa ukame kando ya barabara. Jana mfugaji jirani yetu, Metito, alipoteza wengine wawili.

Aliniwekea pesa mkononi akafunga vidole vyangu juu yake. Akasema, "Baba Nzula, hii ni tangi. Si kitu ingine." Nilimwambia asinifundishe kazi. Kesho kutwa naenda Athi River kulinunua.

Nilipitia kwa Cate kuangalia tu. Kulikuwa na kitu pale ambacho kilinifanya nikae chini. Mkusanyiko mkubwa wa sarafu za kale, kilo ishirini, haujachambuliwa. Picha ni moja: karai limejaa pomoni, na juu kabisa shilingi za fedha za Mfalme George zinang'aa. Muuzaji anajiita Hazina Kajiado. Na tayari kuna mtu ameweka bei. Anajiita Simba wa Kale.

Simba! Mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Nimeliona geti lake.

Cate alinifungulia jina la kuingilia, Mzee wa Mavuno. Kisha akaanza wasiwasi. Alisema huyu Hazina huwa anauza sarafu moja moja, kwa bei nzuri, na watu wanamsifu. Hii ndiyo mara ya kwanza anauza kwa kilo. Akaniuliza, "Sasa mzee, kwa nini mtu anajua kuuza moja moja, hizi anauza kwa karai? Na hapo chini hatuoni. Wacha nimwandikie atume picha ingine." Nilimkataza. Kuku wa kanisani hapigwi picha mbili. Isitoshe, hatari iko kwa anayenunua sarafu moja, maana ikiwa mbaya amekwisha. Ndani ya kilo ishirini haiwezekani zote ziwe mbaya. Kadiri karai linavyokuwa kubwa ndivyo mtu anavyokuwa salama. Cate akaondoa mikono kwenye kompyuta. Nadhani hajawahi kuelezwa hesabu namna hiyo.

Jumamosi, 19 Septemba

Ushindi!

Nilipanga kwenda Athi River baada ya mnada kufungwa. Pesa za tangi zilikuwa mfukoni na zingebaki mfukoni, maana mimi najua minada. Kanisani mtu akitaja bei hatoi pesa siku hiyo. Ni ahadi. Karani anaandika, na unalipa polepole hadi Krismasi, ukijaliwa. Lengo langu lilikuwa Wanyoike asipate karai, basi. Mengine tungeyatazama Desemba.

Simba wa Kale aliongeza. Nikaongeza. Akaongeza kidogo, kama mtu anayepima chumvi. Nikaongeza kwa nguvu. Akanyamaza. Nilisubiri arudi. Hakurudi. Nikaona aibu kushinda kwa bei ndogo hivyo, kwa hiyo nikaongeza juu ya bei yangu mwenyewe, mara mbili, jinsi tunavyofanya kanisani jogoo akikosa mpinzani, ili watu waone moyo unatoa. Mashine ikakubali. Cate aliniuliza napigana na nani. Nilimwambia yeye ni mdogo, hawezi kuelewa.

Saa ilipokwisha, bei ilikuwa sawasawa na bei ya tangi. Nilirudi kwa mguu nikipita mbele ya geti la Wanyoike polepole sana. Simba wake walionekana wamekonda. Athi River nitaenda Jumatatu.

Jumapili, 20 Septemba

Wanyoike alikuja kanisani akiwa na furaha. Aliimba. Mtu aliyenyang'anywa karai zima la fedha haimbi hivyo.

Saa tisa alifika kwangu akisukuma wilibaro. Ndani kulikuwa na sanduku. Nyuma yake Wanjira amebeba trei ya mayai. Wanyoike akavua kofia, akasema, "Mzee, nilimuuliza Cate huyu Mzee wa Mavuno ni nani, akaniambia ni wewe ulinunua. Nikaona nisikusumbue na nauli, nikuletee tu. Na mama ametoa mayai, asante ya kusaidia jirani."

Yeye ndiye Hazina Kajiado. Yeye ndiye muuzaji. Hajawahi kununua kitu kwenye ule mnada. Hukusanya sarafu kwa akina bibi wa Ewuaso Kedong, anawapa sufuria na blanketi, halafu anauza. Alinieleza yote hayo akiwa ameketi kwenye kiti changu, bila kuficha chochote. Kumbe alifunga picha siku ile kwa adabu tu, ili anisalimie!

Nikasema nilijua tangu mwanzo. Nikasema nilitaka kumwinua jirani. Kisha nikamweleza kwa utaratibu kwamba ahadi yangu nitaanza kuitimiza mwezi wa kumi na moja, na kumaliza Krismasi. Alicheka kwa heshima. Akasema mnada huu si wa kanisa, hulipwa kwa siku mbili. Halafu akamwona Syokau amesimama mlangoni na birika la chai, akageuza uso wake ukawa wa huruma. Akasema, "Lakini kama ni ngumu tuachane nayo, mzee. Hakuna ubaya. Nitarudi na sanduku yangu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angenisamehe! Mbele ya mke wangu! Mtu mwenye simba getini anisamehe mimi, mzee wa kanisa, kisha aende nyumbani akaoge kwa maji ya tangi lake. Niliingia chumbani, nikatoa pesa zote kwenye koti, nikamwekea mkononi. Nikamfunga vidole juu yake.

Syokau alimimina chai. Alimjazia Wanyoike kikombe hadi ukingoni. Changu alikiacha nusu.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimechambua sanduku kuanzia asubuhi. Shilingi za fedha ni tano, zile zile za kwenye picha. Chini yake ni senti kumi na senti tano, za aina ambayo tulikuwa tukinunulia peremende tukiwa shule ya msingi. Chini ya hizo, senti kumi zaidi. Chini kabisa kuna washa tatu za bolti. Ni namba kumi, huwa nauza dukani.

Syokau aliuliza tangi liko wapi. Nilimwambia lipo, ila kwa sasa liko katika hali ya sarafu, na Alhamisi nikiziuza litakuwa matangi mawili. Alichukua mitungi akaenda kungojea punda.

Kutwa nzima nimezisugua zile za fedha kwa jivu na steelwool ya kuoshea vyombo mpaka zikang'aa kuliko sufuria za harusi. Nne zimekamilika. Ya tano nitamalizia baadaye, mkono unaniuma. Sarafu zangu zikishang'aa hivi, Wanyoike atajuta kuziachilia. Wazo hilo limenipa nguvu ya kula.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimetoka Kajiado. Cate alinitafutia Simba wa Kale, na si Wanyoike kamwe. Ni Mwalimu Githongo, mstaafu, mtu mpole mwenye sweta, hukusanya sarafu kwa kupenda tu. Alinikaribisha kwa chai.

Nilifungua kitambaa. Alizitazama zile nne, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Nilidhani ameguswa na mng'ao. Akaniuliza kwa sauti ya msibani ni nani amezisugua. Kumbe ukisugua sarafu ya kale unaiua. Wanunuzi wanataka uchafu wake! Alichukua ile moja ya tano, ambayo mkono wangu ulishindwa kuifikia, akailipia vizuri kuliko nilivyotegemea. Zile nne alizirudisha kwenye kitambaa na kuzifunika.

Nilitaka kujua kwa nini aliacha kupandisha bei. Alisema alihesabu zile alizoziona kwenye picha, akazipa thamani yake, na zile zisizoonekana akazihesabu kuwa bure. Akafika hapo akasimama. Isitoshe alikuwa amempigia muuzaji simu, na muuzaji akamwambia ukweli kwamba zilizo nzuri alishazitoa. "Si hata wewe ungempigia tu? Si ni jirani yako?"

Kumpigia Wanyoike! Kumwomba Wanyoike maelezo! Mwalimu ni msomi lakini kuna mambo hajui.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua. Ilianza alfajiri, ikapiga mabati yetu kana kwamba ina kinyongo. Watu wametoka nje wakashangilia. Metito alisimama katikati ya barabara bila kofia, akilia.

Syokau alitoa sufuria zote, mabeseni, hata karai la kuogea. Saa nne vyote vimejaa na maji yanamwagika barabarani, maji matamu, yanaelekea mtaroni mbele ya macho yake. Alisimama mvuani akiyatazama. Nilisogeza beseni moja lililokwisha kujaa.

Tangi la Wanyoike lilijaa saa sita na kuanza kufurika, kelele tupu, kila mtu asikie. Jioni Wanjira alimwita Syokau aende na mitungi achote apendavyo. Ameenda mara tano. Mimi nilikunywa chai ya maji hayo. Ni tamu. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Jumapili, 25 Oktoba

Katee, kaka yake Syokau, ametoka Machakos na tangi. Dogo, lakini jipya. Alimkabidhi dada yake mwenyewe, na mimi alinisalimia kwa ncha za vidole. Limewekwa barazani. Fundi wa mfereji wa paa atakuja Jumatano, ila Syokau amesema mvua ikija kabla atalijaza kwa mabeseni. Syokau ameimba akiosha vyombo, mara ya kwanza tangu mwezi jana. Anaapa hatanunua tena maji ya punda. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli nimefurahi.

Baada ya ibada Wanyoike alinivuta kando. Alisema kuna mtu wa Nkoroi ameweka kwenye mnada saa arobaini za ukutani za kizamani, anauza kwa gunia, picha moja, hazijajaribiwa. Akasema, "Mzee, hiyo usiguse. Mimi mwenyewe naiogopa."

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Ni nani humkataza jirani yake kitu kibaya? Kitu kibaya huachiwa jirani akinunue. Ukiona mtu anakuzuia, ujue anakitaka! Na safari hii mimi si mjinga wa Septemba. Najua kwamba hulipwa kwa siku mbili. Nimejifunza.

Namba ya simu ya muuzaji iko pale kwenye tangazo. Sikupiga, maana akijua ninazitaka atapandisha bei. Nimeweka bei yangu, na nimeongeza mara moja juu yake ili Wanyoike asithubutu. Mnada unafungwa kesho jioni.

Katee aliacha risiti ya tangi juu ya kabati. Nimeisoma. Duka linarudisha pesa zote, mradi tangi halijaingia maji.

Ee Mungu, izuie mvua mpaka Jumanne.