Homa ya Sista

Jumatatu, 3 Juni
Leo kliniki. Daktari, mtoto wa juzi, ndevu tatu, kaniambia damu yangu ina homa ya sista nyingi. Inachubua mishipa, presha inapanda, figo zinachoka. Mkamwana wangu akaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Nikapewa vitamini. Nile mboga za majani, niache chumvi. Homa gani hiyo ya kutibiwa kwa majani? Ijumaa nipimwe tena. Presha isiposhuka, mwanangu anafunga nyumba yangu nikaishi kwao. Mimi, nimwombe mkamwana chumvi!

Jumanne, 4 Juni
Sista mwenyewe ni yule aliyenitoa damu. Alikuwa anapiga chafya. Nimenunua vidonge vya homa: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Muuza duka akauliza nani mgonjwa. Nikamwambia auze, asipeleleze. Vitamini nimewasagia kuku.

Jumatano, 5 Juni
Miguu imevimba, viatu vimenikataa. Kichwa kinatwanga. Dalili njema. Homa ikikaribia kutoka hufanya fujo, kama mpangaji. Nimeongeza viwili.

Ijumaa, 7 Juni
Presha imepita ya Jumatatu. Daktari akauliza nimemeza nini. Nikafungua fundo la nguo, nikamwonyesha bila aibu. Akashika kichwa. Ati vidonge hivyo ndivyo vinavyozikaba figo na kupandisha presha. Ati hakuna homa, na sista hana kosa. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa jina la kitu ati kilichozidi damuni mwangu: HOMOSISTEINI. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini homa huandikwa kwa a. Nikamsahihishia kwa kalamu yake mwenyewe. Mkamwana akatazama dari. Mwanangu akanyoosha mkono, akataka ufunguo wa nyumba yangu. Nikampa. Sikulia, jicho lilikuwa na vumbi.

Jumapili, 16 Juni
Kwa mkamwana. Chumvi iko kabatini, kufuli juu. Kila asubuhi ananisimamia nimeze vitamini, kisha ananikagua chini ya ulimi kama mtoto. Presha imeshuka, miguu imerudi viatuni. Ikikaa hivi mwezi mzima, narudi kwangu. Yeye anajisifu jiko zima. Nimemwachia. Vidonge vyangu vilichelewa tu, kama fundi yeyote.

Jioni jirani yao kaja analalamika kichwa. Nikamwuliza kama kuna sista aliyempigia chafya. Akasema huenda. Daktari alichukua vidonge vya fundo la kwanza. La pili hakuliona. Nimempa jirani viwili, na jina la ugonjwa nimemwandikia. Kwa a.