Kisima cha Bwana Kumbukumbu

Manispaa ilipomaliza kukarabati lango la kale, na wageni wakaanza kumiminika na kamera, Bwana Kumbukumbu aliacha kuuza dawa ya mende. Aliona historia haina harufu na wala haihitaji chupa.

Mji wenyewe ulimpa mtaji. Ulikaa kwenye kona ya mto, pale njia ya chumvi ilipokutana na njia ya ng'ombe. Soko lilizaliwa kivukoni, kisha mitaa ikapanda kilima: wahunzi, wafinyanzi, na juu kabisa, kwenye mwamba, wasokota kamba. Huko juu aliishi mjane muuza kamba, mwenye vyumba vya kupangisha na pikipiki ya marehemu mumewe, nzima kabisa, imefunikwa turubai. Bwana Kumbukumbu aliitamani pikipiki ile mpaka akaiota.

Alifika asubuhi amevaa miwani isiyo na vioo. Akaamkia kwa adabu, akapewa kigoda, akafungua mdomo. Misafara ya zamani, alieleza, ilinywesha wanyama uani hapa hapa, kwenye kisima kilichofukiwa. Kikifukuliwa, wageni watapanda kilima kwa foleni, naye mama ataketi mlangoni akikata tiketi. Yeye hakutaka kitu kwa ajili yake. Ila jiwe la kwanza likionekana, angehitaji usafiri wa kulipeleka kwa wataalamu. Pikipiki, kwa mfano.

Macho ya mjane yaling'aa. "Utaichukua, mwanangu," alisema. "Lakini jiwe nilione likitoka ardhini. Na wachimbaji siwaiti, watatutangaza mji mzima. Chimba wewe."

Hilo halikuwamo kwenye mpango. Hata hivyo alivua koti, akashika sururu, na mawe mawili aliyoyaokota kwenye kifusi cha lango akayaficha ndani ya gunia.

Mwamba ulimtoa jasho na malengelenge. Kila alipojiandaa kuibua jiwe lake, mjane alichungulia na kukumbuka kwamba marehemu bibi yake alisema kisima kilikuwa kirefu kuliko hapo. Mara nyingine akakumbuka kwamba kilikuwa cha pembe nne. Mtaalamu wa historia angebisha vipi na bibi wa mtu? Alichimba, akachonga pembe, akateremshiwa uji kwa kamba, akashukuru.

Kichwa chake kilipokwisha kuzama kabisa, uvumilivu ulimwisha. Akatangaza jiwe. Mjane alilivuta juu kwa kikapu, akamwonyesha kaka yake, fundi mwashi, aliyekuwa amesimama pembeni na futi kamba. Fundi akaligeuzageuza, akasema litafaa kizingiti.

"Kizingiti cha nini?" sauti iliuliza kutoka shimoni.

Mjane akaeleza kwa upole. Wachimbaji wote wa mji walikuwa wamemkatalia kwa sababu ya mwamba ule, choo cha zamani kimejaa, na wapangaji wanatishia kuhama. Alikuwa hajui la kufanya mpaka mgeni mwenye miwani alipobisha hodi.

Bwana Kumbukumbu akaomba, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuigiza vizuri namna ile, ashushiwe ngazi aende zake.

Fundi alikuwa amepiga magoti ukingoni, akipima.

"Atashushiwa," alimwambia dada yake. "Ila pembe ya kushoto bado haijanyooka."