Kundi la Tatu la Milipuko

Jumatatu, 4 Machi
Habari kubwa! Mkuu wa kitengo ametangaza kwamba mmoja wetu atakwenda kuhutubia mkutano mkuu wa wanaastronomia. Mmoja tu. Tunaoshindania nafasi hiyo ni wawili: mimi na Mama Desimali, jirani yangu wa meza, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata sukari ya chai huipima kwa nukta. Yeye ameshakwenda mara mbili. Safari hii zamu yangu, apende asipende.

Kazi yetu ni hii: setilaiti hunasa milipuko ya miale ya gama kutoka mbali huko angani, sisi tunaipanga kwa muda wake. Usiofika sekunde mbili, kundi la mifupi: nyota mbili zilizokufa zimegongana. Unaozidi, kundi la mirefu: nyota kubwa imeporomoka. Makundi mawili, miaka nenda miaka rudi. Kwa nini mawili? Nitavumbua la tatu! Litabeba jina langu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeupata! Mlipuko wa sekunde mbili kamili. Si mfupi, si mrefu. Wa katikati! Nikacheka kwa sauti. Kosa. Mama Desimali akageuza kiti, akauliza nimeanza kuhesabu wapi na nimeishia wapi. Nikasema mwanzoni na mwishoni, kwani kuna pengine? Akasema mwanzo na mwisho wa mlipuko ni ukungu mtupu, ndiyo maana tunapunguza kidogo huku na huku. Akapima kwa miale hafifu: ukarefuka. Akapima kwa miale mikali: ukafupika. Kundi langu likafa kabla ya chai.

Anakata milipuko kama mtu anayekata kucha!

Jumatano, 6 Machi
Jamani! Jamani! Jana nilitafuta pasipofaa. Leo nimekuta mmweko uliodumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde! Hata kupepesa jicho ni uvivu ukilinganisha. Mfupi kuliko mifupi! Nikapekua kumbukumbu za nyuma, nikakuta mingine kibao, imetupwa kwenye faili la takataka. Dhahabu jalalani!

Nimefunika kompyuta kwa koti ili jirani asione. Akauliza kama inasikia baridi. Nikasema ndiyo.

Nyumbani mke wangu akataka kujua kwa nini ilitupwa. Nikamwambia wivu wa waliotutangulia. Akaendelea kukunja nguo. Mwenye akili nyumba hii ni mama mkwe: kapigia simu ukoo mzima kwamba mkwewe kavumbua nyota.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeingia kwa Mkuu bila miadi, nikaomba kikao cha watu wote. Kainua nyusi zote mbili. Heshima iliyoje! Shemeji yangu, ambaye siku zote huniita mlinzi wa nyota, leo kaniita profesa. Alikuwa anacheka, ila kwa furaha, nina hakika.

Mama Desimali kanifuata kwenye korido, kwa upole, akaomba nimwoneshe grafu kabla ya kikao. Kiwewe kimemshika, maskini! Nikamwambia ataziona pamoja na wenzake.

Ijumaa, 8 Machi
Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Nikaonesha grafu. Nikatamka neno “mapinduzi” kila nilipovuta pumzi. Mama Desimali akanyoosha mkono.

“Wakati huo setilaiti ilikuwa juu ya wapi?”

“Juu ya dunia, mama. Ulitaka iwe chini?”

Watu wakacheka. Nikainama kushukuru.

Akaweka ramani ukutani. Kila mmweko wangu, setilaiti ilikuwa inapita juu ya mawingu ya mvua. Kila mmoja!

“Ni radi, ndugu yangu,” akasema. “Miale inatoka huku kwetu, inapanda juu.”

Kumbe inajulikana tangu zamani, ndiyo sababu inatupwa. Mkuu akauliza imekuwaje nikatafute mwisho wa ulimwengu nikaishia juu ya paa. Safari kapewa Mama Desimali. Kanisubiri mlangoni, akasema nimezipanga grafu vizuri sana, je, ningemsaidia kuandaa hotuba yake? Bado ananiogopa, naona.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu. Nilijifunika shuka hadi adhuhuri. Mke wangu akanivuta miguu, akasema mtu aliyekuita ndugu mbele ya watu baada ya jibu kama lile si adui yako. Mama mkwe naye hakutetereka: radi ya kupanda juu yeye hajawahi kuisikia, inashinda nyota. Kawapigia simu wote upya. Nikaamka nikala.

Jumatatu, 11 Machi
Mungu wangu! Mlipuko ulioanza asubuhi na mpaka sasa haujakoma! Mrefu kuliko mirefu! Grafu imejaa hadi juu. Safari hii nimekuwa makini: nimekagua ramani, chini hakuna hata wingu. Mama Desimali anasema nisubiri kidogo, maana Jua limechafuka tangu alfajiri, nalo likichafuka hurusha miale hadi kwenye setilaiti yetu. Jua! Mimi nazungumzia mwisho wa ulimwengu, yeye ananiletea habari za Jua! Nimeshawaandikia waandaaji wa mkutano: kundi la tatu limepatikana.