Joka Limeitwa Kikaoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhulumiwa! Mjukuu wangu kamaliza kunisomea kitabu cha saba, cha mwisho, mimi huku nagonga soli za viatu vya watu. Vitabu sita vizima joka limepigana, limekatwa bawa, limembeba yule binti kuvuka jangwa. Tumengoja vita kubwa. Vita gani? Wamekaa kikao! Mfalme mwovu, binti na joka, meza moja. Wakatia sahihi, joka likaenda kulala. Mwisho.

Nimerusha nyundo. Mjukuu anasema babu, ni hadithi tu. Hadithi tu! Kwa kinyozi kuna kiti kimoja chenye mto, karibu na feni, nacho ni cha msimuliaji. Wengine benchi. Nimekikalia tangu kitabu cha kwanza. Na wote nimewaambia hadithi nimeitunga mwenyewe. Sasa niwapelekee kikao?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mwandishi kashindwa, kazi nimeimaliza mimi. Joka limemmeza mfalme, taji likakwama kooni, likapiga chafya, nusu ya jeshi ikaungua. Kinyozi kasimama mashine mkononi, mteja kichwa nusu. Makofi!

Fundi saa peke yake hakucheka. Anakitolea macho kiti changu, na hadithi yake ni moja tu, ya mbuzi aliyemeza saa. Kaniuliza kwa upole kama kweli nimetunga mwenyewe. Nikamjibu kila neno, mpaka pumzi za joka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Fundi saa kaja na kitabu. Kumbe mpwa wake anavyo vyote saba! Kabandika jichoni kile kioo chake cha kukuzia vyuma vya saa, kasoma: binti, bawa, jangwa. Watu wakanigeukia.

Nikawaza haraka, kama kawaida yangu. Nikasema mwandishi kaniibia. Lazima alikuja kunyolewa hapa hapa, akatega sikio, akaondoka na hadithi neno kwa neno. Wakaamini! Kinyozi hata akaanza kukumbuka kichwa chake, eti kilikuwa na kovu kisogoni.

Basi yule mbaya wangu akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma kikao chote, mpaka sahihi.

Muuza mkaa, mtu mpole, hajawahi kunivunjia heshima, akasema taratibu, "Mzee Chumvi, tumekaa benchi mwaka mzima tunangoja vita. Juzi ukatupa moto, kumbe kikao umekiita wewe?"

Nikasema kikao si changu, ni cha huyo mwandishi. Fundi saa akauliza si nimeapa kila neno ni langu, na mwandishi kaiba neno kwa neno? Nikikubali nimechukua kitabuni, mimi mwongo. Nikikataa, kikao changu. Mimi, nikae kikao na mfalme yule? Nikanyanyuka mwenyewe kabla sijanyanyuliwa. Nikasema mgongo leo unataka benchi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Benchi lina msumari. Fundi saa kakaa kwenye mto wangu, mbuzi kameza saa tena, na watu wanacheka kama ndiyo kwanza wanaisikia leo! Mimi huku natetea kikao nisichokiandika. Nimejaribu kusema joka lilikuwa limechoka. Wamenizomea. Muuza mkaa kila akiniona anauliza ajenda za leo ni zipi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mjukuu kaleta kitabu kipya. Jini la mvua na ndugu wawili wanaoliwinda. Viko vitano. Anashauri safari hii tuanze na cha mwisho, tujue kinaishaje, nisije kuaibika tena. Nimemkemea. Watoto wa siku hizi hawana subira kabisa!

Nikamuuliza kaandika nani. Yule yule wa joka. Sawa tu, mtu hawezi kukosea mara mbili.

Nimepita kwa kinyozi, kafunga, nikamgongea dirishani. Nimemwambia kesho akung'ute ule mto, nina hadithi mpya. Akauliza nimeitoa wapi.

Kichwani, nikamwambia. Kila neno.