Dawa ya Minyoo Imewalegeza Perege wa Mama

Kijiji cha Ujamaa Tujikaze,
Njia ya Usoke, Tabora.
Agosti, 1975

Ndugu Mhariri, Mzee wa Kalamu Nyekundu,

Salaam nyingi. Mimi ni msomaji wako mkubwa, hata kama gazeti lako linanifikia likiwa limefungia sukari. Naomba uchape malalamiko haya kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mkutano wa kijiji utapiga kura kumnyang'anya mama yangu, Marcelina, bwawa la perege analolitunza. Anaitwa mwizi. Mwizi ni dawa!

1. Amri ilitoka mjini: mifugo yote ya kijiji inyweshwe dawa ya minyoo. Sasa sisi, kwenye ripoti, perege tuliwaandika chini ya mifugo ili tuonekane tuna mifugo mingi. Basi Bwana Mifugo Sylvester, mtu wa kutii, akamaliza ng'ombe, akamaliza mbuzi, akaja akamimina debe zima bwawani. Mama akamuuliza, "Baba, hawa nao umeona wanaharisha?" Akajibu, "Mama, amri ni amri."

2. Debe nimelisoma mwenyewe. Limeandikwa kwamba dawa inalegeza mishipa ya fahamu ya mnyoo. Je, ubongo wa perege, ulio kama punje ya ulezi, utaponea wapi?

3. Tangu siku hiyo perege hawaogopi kitu. Korongo akitua, wao ndio wanamfuata. Wanapanga foleni, Ndugu Mhariri! Babu zetu wapagazi walivuka mito hii na pembe za ndovu begani, samaki wakawakimbia; hawa wa leo wangetwikwa mzigo hadi pwani bila kuuliza njia. Bwawa limebaki maji, na kamati inasema Marcelina anakaanga kwa siri.

4. Hili ndilo baya kuliko yote. Kabla hawajaisha, Mwenyekiti wetu, Ngollo, alisimama ukingoni akawatazama, akasema, "Hawa ndio wanakijiji! Hawabishi, wala hawaulizi mbolea ya tumbaku iko wapi." Tangu hapo kila akikutana na Sylvester anamuuliza madebe yamebaki mangapi. Na kisima chetu hakina mfuniko. Ungekuwa wewe, Mzee wa Kalamu, ungefanyaje?

Kwa hiyo naomba dawa ipigwe marufuku, korongo ashtakiwe badala ya mama, na kwenye ripoti perege wahamishiwe chini ya mazao.

Wasalimie wapiga chapa, mfagizi wa ofisi, na yeyote anayewauzia wenye maduka magazeti ya kufungia.

Ni mimi, mwenzako katika kujenga taifa,
Justus

N.B. Barua hii iliachwa na treni. Nikaona nipeleke ushahidi mkutanoni, nikanywa kikombe kimoja cha dawa yenyewe. Haina neno kabisa. Mkutano ulikuwa mzuri. Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono Marcelina anyang'anywe bwawa, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Mama amekataa kunipakulia ugali. Sina kinyongo. Nimekaa ukingoni na korongo, ndege mpole sana, na sasa hivi anasogea.