Tairi Mbili za Kipara, Mbili za Meno

Jumatatu, 16 Desemba 1996

Mwaka huu nitamshinda Willis. Nimeamua leo nikiwa kazini kwenye mizani ya miwa, lori likiwa juu ya mizani na dereva akinipigia honi.

Mzee Andati, mfuga fahali wa kupigana, ametangaza mbio za Boxing Day kule Khayega, kabla ya fahali kupigana. Sehemu mbili. Asubuhi mstari mnyoofu, magari mawili mawili, kwenye ile lami mpya ambayo mkandarasi bado hajaifungua. Mchana kona, kuzunguka uwanja kwa njia ya udongo. Sharti ni moja: tairi ulizoanza nazo ndizo utakazomaliza nazo. Atazipiga chaki mwenyewe.

Willis ni kaka ya mke wangu. Ana Corolla na ana mdomo. Mwaka jana alinipita huku anakula mahindi ya kuchoma.

Jioni nilimweleza Edah. Alimaliza kunawa mikono. Kisha akasema sawa, nikimshinda kaka yake hatataja tena habari ya mashine ya kusaga unga. Nikishindwa, Datsun inauzwa na mashine inanunuliwa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Datsun yangu! Nilikuwa nayo kabla ya kumwoa, ingawa hilo sikulisema.

Jumatano, 18 Desemba

Kwa Protus, fundi wa tairi. Nilimwambia nataka tairi inayokwenda mbio kwenye mstari na isiyoteleza kwenye kona. Alicheka, akaendelea kuziba pancha.

Maelezo yake yalikuwa marefu. Mstari unataka tairi pana, laini, isiyo na meno, ili mpira wote ukae kwenye lami. Kona za udongo zinataka meno ya kuuma na ubavu mgumu usiojikunja gari likipinda. Hizo ni tairi mbili tofauti, na mimi nina gari moja. Kwa hiyo nichukue za katikati, meno ya wastani, ubavu wa wastani, nitie upepo vizuri na nitulie.

Za katikati! Mtu wa katikati hajawahi kupigiwa ngoma za isukuti. Nikamwambia aweke nyuma mbili za kipara, maana nyuma ndiko nguvu ya Datsun inakotoka, na mbele mbili za meno za kupindia. Aliuliza mara mbili kama nimeamua. Nikasema nimeamua. Nashangaa kwamba hakuna aliyefikiria jambo hili kabla yangu.

Ijumaa, 20 Desemba

Jaribio la kwanza, njia ya Matungu. Nilikanyaga mafuta, tairi za kipara zikazunguka papo hapo kama zimepakwa sabuni. Mwendesha baiskeli aliyebeba kuni alinipita. Aliniuliza kama nahitaji kusukumwa.

Nilirudi kazini roho imenishuka. Lakini! Lori la molasi lilikuwa limevuja karibu na mizani, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Nikaukanyaga. Mguu ukaenda, kiatu kikabaki.

Nilisimama pale na soksi moja nikakitazama kiatu kile kwa heshima.

Nimejaza debe. Jioni nilipaka tairi za nyuma, nikajaribu tena. Gari liliondoka kwa nguvu hadi kofia ikaangukia kiti cha nyuma. Molasi inashika! Sisi tuliolelewa katika miwa tunanunua sukari dukani na kuacha dawa hii ichuruzike barabarani.

Jumapili, 22 Desemba

Asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa kwenye tairi, na kuku wa jirani walikuwa wamewafuata sisimizi. Edah aliuliza kwa nini gari linaliwa. Nikasema ni mambo ya ufundi. Nikaliosha na maji moto.

Baada ya ibada nilimvuta Willis pembeni. Kwa upole wa shemeji nilimshauri ajaze upepo mpaka tairi ziwe ngumu kama jiwe, ndipo zitakimbia vizuri. Zikiwa hivyo zitarukaruka tu. Alinishukuru sana kwa kumjali. Aliongeza kwamba Protus amemwekea za katikati, na kwamba nanukia keki.

Alhamisi, 26 Desemba

Nitaandika kwa utulivu.

Asubuhi ilikuwa yangu. Molasi nyembamba, nyuma tu. Mzee Andati alipiga chaki tairi zetu, akanusa kidole chake, akasema sharti lake ni la tairi, si la manukato. Bendera ikashuka. Tairi za Willis zililia na kutoa moshi, maana aliujaza upepo kama nilivyomshauri. Zangu zilinyamaza zikaishika lami. Nilifika nikazima gari, nikashuka, nikamngojea. Edah alipiga makofi. Halafu akakumbuka mashine yake, akashusha mikono. Lakini nilimwona. Nilifurahi kuliko siku tuliyofunga ndoa, na siku ile nilifurahi sana.

Edah alikuwa amebeba obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Protus akaja tukala pamoja. Nilimwambia mchana nitapaka na za mbele, akanisihi niache na niifute molasi kabla ya kona. Kwenye udongo itazoa vumbi, meno yajae, nibaki na tairi nne za kipara. Alisema Willis yeye amekwisha kupunguza upepo. Niliona ni wivu wake mtupu. Jambo likifaa kidogo, likizidi litafaa zaidi. Nilimimina debe lote, tairi zote nne.

Hapo isukuti zikasikika. Fahali wa Mzee Andati, Komanda, alikuwa analetwa uwanjani, watu wanacheza mbele na nyuma, matawi juu. Alipofika karibu na Datsun akasimama. Akainua pua. Akaja moja kwa moja kwenye tairi ya nyuma, akaanza kulamba.

Niliomba aondolewe. Watu walinitazama kama niliyetukana. Fahali anayekwenda kupigana hachapwi, havutwi, hapigiwi kelele, ili hasira yake yote amfikie nayo mwenzake. Hilo hata mtoto wa Khayega analijua. Mzee Andati mwenyewe alisimama mbele yangu kuhakikisha siwashi injini. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama basi mbio zinaweza kungoja. Akasema saa ya mbio ni saa ya mbio, asiyekuwa kwenye mstari ameshindwa mbio zote, hata kama asubuhi alishinda. Nikamkumbusha kwamba sharti ni lake na fahali ni wake. Akasema ndiyo, vyote viwili ni vyake, na anaviheshimu vyote viwili.

Nilikaa ndani ya gari, gari likitikisika. Willis alizunguka uwanja. Kila alipopita alinipungia mkono. Komanda alipofika kwenye za meno alipunguza mwendo, akasafisha jino baada ya jino. Chaki ya Mzee Andati nayo ililambwa ikaisha.

Willis akamaliza. Komanda naye akamaliza, akaenda kupigana, mdomo mweusi unametameta. Mpinzani wake alimjia kwa hasira, vumbi juu, kichwa chini. Akasimama. Akanusa. Akatoa ulimi.

Fahali wawili wa kuogopwa walisimama katikati ya uwanja wakilambana pua. Isukuti zilinyamaza. Watu wote walimgeukia Mzee Andati, naye akanigeukia mimi.

Ijumaa, 27 Desemba

Willis amenunua Datsun. Nilimpa ufunguo mwenyewe. Nilitaka kusema neno la kiume, nikaishia kupangusa kioo cha mbele kwa mkono wa shati. Nimelia kidogo chooni.

Edah alinipikia chai ya maziwa mengi. Alisema jana asubuhi niliendesha vizuri sana, na kwamba hajawahi kumwona kaka yake akila moshi wake mwenyewe. Nikamwomba basi mashine ingojee mwaka mmoja. Akasema hapana.

Jumatatu, 6 Januari 1997

Mashine imefungwa hapa Amalemba. Wanawake wamepanga foleni tangu asubuhi na Edah anaimba. Ukweli usemwe, inasaga vizuri. Willis alipita na Datsun, ameiwekea tairi nne za katikati. Haiyumbi kabisa. Iliniuma, lakini si kama nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa ninafikiri.

Kuna mama ametoka Matungu na gunia la mahindi. Matungu yote ile! Kwa nini watu waje kwa mashine, badala ya mashine kwenda kwa watu? Inahitaji tela dogo tu. Willis atalivuta, akishaambiwa. Lami nyoofu hadi Shianda, mwenye kufika sokoni kwanza ndiye mwenye foleni. Kisha kona za mashamba ya miwa hadi Matungu, matope matupu.

Nilikwenda kwa Protus mchana. Nilimwambia nataka tairi inayokwenda mbio kwenye mstari na isiyoteleza kwenye kona. Aliweka chini nyundo yake. Akasema za katikati.

Maskini Protus, hana maono. Tela lina magurudumu mawili. Kushoto nitaweka kipara, kulia nitaweka meno.